Praima Chini ya Rangi ya Udongo: Uulizeni Ukuta Kwanza

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa mafundi rangi, wajenzi na wenye nyumba. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, wajenzi, wenye nyumba, na vijana mnaoanza kuishika brashi: asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie praima, yaani ule mkono wa kwanza unaopigwa ukutani kabla ya rangi yenyewe, na hasa praima isiyodhuru watu wala mazingira inayofaa kuwekwa chini ya rangi ya udongo. Najua kwamba wengi wenu mmevutwa na hiyo rangi ya udongo, kwa wekundu wake, kwa ukahawia wake na kwa ule utulivu wake usiong'aa. Hata hivyo nawaomba mnivumilie, kwa kuwa mambo karibu yote yanayoiharibu rangi ya udongo huanzia chini yake, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeingia sebuleni akapasifia.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nitaanza kwa kuwafungulia mlango wa chumba kimoja nilichokiharibu mwenyewe.

Kilikuwa chumba cha mtoto. Wazazi wake walinieleza wazi kwamba hawataki harufu ya kemikali mahali anapolala mwanao, tukakubaliana juu ya rangi ya udongo: udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, chaki, unga wa marumaru, na wanga kidogo wa mimea wa kuvishikamanisha. Niliipiga kwa brashi pana, mikono miwili, ikakauka ikawa laini kama ganda la yai. Lakini chini yake, kwa kuwa siku zilikuwa zimenibana na nilikuwa na ndoo iliyobaki kutoka kazi nyingine, nilikuwa nimepiga praima ya akriliki, yaani ya plastiki, ya kuziba ukuta. Nilijiuliza, nani ataiona? Baada ya miezi kadhaa mama wa mtoto akanipigia simu. Ukuta wa upande wa nje ulikuwa umetoa malengelenge, mengine madogo kama punje ya dengu, mengine mapana kama kiganja. Nilichukua kisu chembamba nikapasua lengelenge moja na kulivua polepole. Udongo wa juu ulikuwa mzima, haukuwa na ufa wala doa. Chini ya udongo kulikuwa na utando uliovutika kama mfuko wa plastiki, na nyuma ya utando huo plasta ilikuwa imelowa kiasi kwamba ncha ya kisu ilizama bila nguvu.

Je, wazazi walilaumu nini? Waliilaumu rangi ya udongo. Walisema, mambo haya ya asili hayadumu. Nilisimama pale nikijua kwamba udongo ulikuwa umefanya kazi yake yote, na kwamba aliyeuangusha ni mimi na ile ndoo yangu ya haraka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema jambo moja kila ninapopewa nafasi, na leo nitalisema tena: wema wa rangi ya udongo hauwezi kuzidi wema wa praima iliyo chini yake.

Tuelewane kwanza udongo unavyofanya kazi. Rangi ya udongo haigandi kwa mabadiliko ya kikemia kama chokaa au saruji. Hukauka tu. Maji yanapoondoka, vipande vyembamba vya udongo vinalaliana na kushikana, na kati yao vinabaki vitundu visivyohesabika ambavyo mvuke wa maji hupita. Hewa ya chumba ikiwa nzito kwa unyevu, mvuke huingia. Hewa ikikauka, mvuke hutoka. Ndiyo maana watu husema kwamba ukuta wa udongo unapumua. Lakini tuwe wakweli: koti la rangi ni jembamba mno, halifiki hata milimita moja, na peke yake haliwezi kubeba unyevu mwingi. Ghala lenyewe ni plasta iliyo nyuma. Rangi ni mlango wa ghala, na praima ndiyo inayoamua kama mlango huo utafunguka au utapigiliwa misumari.

Jambo hili lina kipimo chake. Watengenezaji makini huandika kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa thamani iitwayo sd, inayopimwa kwa mita. Maana yake ni hii: koti hilo linauzuia mvuke sawasawa na tabaka la hewa tulivu lenye unene wa mita hizo. Katika mpangilio wa viwango vya Ulaya, koti lenye sd iliyo chini ya mita 0.14 huhesabiwa kuwa linapitisha mvuke vizuri sana, na lenye sd ya mita 1.4 au zaidi huhesabiwa kuwa linapitisha kidogo. Tena thamani hizi hujumlishwa. Ukipiga praima yenye sd ya mita 1.5, kisha juu yake rangi ya udongo ambayo haifikishi hata mita 0.1, ukuta wako una zaidi ya mita 1.5, na ule udongo uliougharimia umebaki pambo. Basi mkikutana na muuzaji, muulizeni sd ya praima kabla ya kumuuliza rangi zilizopo.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni kuuliza ukuta.

Mzee aliyenifundisha kazi hii hakuwahi kufungua ndoo kabla ya kuupapasa ukuta kwa kiganja kitupu. Mimi kijana nilidhani ni mazoea ya uzee. Siku moja akanishika mkono, akauweka ukutani, akauburuta kutoka juu hadi chini, kisha akaugeuza. Kiganja changu kilikuwa cheupe kama nimeshika unga. Akaniuliza, "Ukipiga rangi hapa, itashika ukuta au itashika hii?" Sikuwa na jibu. Alinipa ufagio na sponji, akaniacha nifute ukuta ule siku nzima, na kesho yake ukuta tuliodhani unahitaji praima nzito ya kufunga vumbi ulihitaji koti moja jepesi tu. Vumbi lilikuwa ni mabaki ya rangi ya chokaa iliyochakaa. Ukuta wenyewe ulikuwa mzima.

Kiganja ni swali la kwanza. Swali la pili ni tone la maji. Chovyeni kidole, mpake ukuta, mtazame. Maji yakinywewa mara moja na kuacha doa jeusi, ukuta una kiu: utanyonya maji ya rangi ya udongo kabla udongo haujapata muda wa kutandazika, na brashi itaacha mistari. Maji yakibaki kama shanga na kuteleza, ukuta umefungwa na rangi ya mafuta au ya plastiki, na rangi ya udongo haitakuwa na pa kushika. Maji yakizama polepole, kwa utulivu, basi ukuta unawaambia kwamba hauhitaji mengi. Fanyeni hivyo mahali pengi, si mahali pamoja tu. Ukuta mmoja unaweza kuwa na majibu matatu: plasta ya zamani inayonywa, kiraka cha jasi kinachonywa zaidi, na sehemu ya chini iliyowahi kupakwa rangi ya mafuta ambayo hainywi kabisa. Rangi ya udongo ikipigwa juu ya ukuta wa namna hiyo bila kusawazishwa huonyesha mabaka yote matatu, na hakuna mkono wa tatu wala wa nne utakaoyaficha.

Swali la tatu ni sponji iliyoloa. Sugueni mahali pamoja kwa dakika moja. Rangi ya zamani ikiyeyuka na kuwa uji, hiyo ni rangi ya gundi, na lazima ioshwe yote iondoke. Msijaribu kuifunga kwa praima, kwa kuwa maji ya praima yataiamsha na rangi mpya itaning'inia juu ya uji. Swali la nne ni utepe wa gundi: ubandikeni, mkandamize, mvute kwa ghafla, mtazame umeondoka na nini. Ukiondoka na magamba, palipobanduka pakwanguliwe.

Kwa nini narefusha mambo ya kupapasa na kulowesha, wakati mmekuja kusikia habari za praima salama kwa mazingira? Kwa sababu praima iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika. Mwenye nyumba mmoja alikuwa amenunua ndoo mbili za praima ya mimea, ya bei kubwa, kwa ajili ya kuta zake zilizopigwa plasta ya udongo. Nilipapasa, nikadondosha maji, nikavuta utepe. Plasta ilikuwa ngumu, safi, na yenye mparuzo mzuri. Nikamwomba azirudishe ndoo zote mbili. Tulifagia kuta kwa brashi laini, tukazinyunyizia maji kama ukungu, tukapiga rangi ya udongo juu ya udongo. Udongo haukuhitaji mshenga wa kuukutanisha na udongo mwenzake. Hakuna kiwanda kilichochoma nishati, hakuna ndoo iliyotupwa, hakuna kemikali iliyoingia chumbani. Kuna lebo gani ya kijani inayoweza kushindana na hilo?

Lakini kuta nyingi zina mahitaji yake, basi tufungue ndoo.

Ya kwanza, na ninayoitumia kuliko zote, ni praima ya kaseini. Kaseini ni protini ya maziwa. Takribani asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni kaseini. Ikikaushwa huwa unga usioyeyuka kwenye maji matupu, na hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Mkitaka kuiona tabia yake, chukueni sehemu tano za maziwa yaliyogandishwa na kuchujwa, yasiyo na mafuta kabisa, mwongeze sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa ikawa laini. Koroga. Mwanzoni ni mabonge meupe yanayokataa kuachana, na mtu asiyejua atadhani ameharibu. Endelea kukoroga. Baada ya dakika chache mabonge yanalegea, weupe unafifia, na chombo kinajaa kitu kizito, chenye kung'aa, kinachovutika kutoka kwenye mwiko kama asali. Hiyo ni gundi. Iongezewe maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa yalivyokuwa, ichujwe, ipigwe ukutani siku hiyo hiyo, kwa kuwa haikubali kulala. Hufunga vumbi, husawazisha kiu ya ukuta, na huacha vitundu wazi. Mafuta yasiwemo, nasisitiza, maana mafuta na chokaa hugeuka sabuni na kudhoofisha gundi.

Kaseini inayouzwa dukani ikiwa unga mara nyingi huyeyushwa kwa boraksi badala ya chokaa. Hapa naomba usikivu wenu. Boraksi ni madini ya asili, hutoka ardhini, na bado Umoja wa Ulaya uliiorodhesha mwaka 2010 miongoni mwa vitu vya kuhofiwa sana kwa sababu ya uwezo wake wa kudhuru uzazi. Asili na usalama ni mambo mawili tofauti. Chokaa inaunguza macho. Silikati inaunguza ngozi. Sisemi haya ili kuwatisha. Nayasema kwa sababu nimeona mafundi wakivaa barakoa na miwani wanaposhika kemikali za kiwandani, kisha wakazivua mara wanapoona neno "asilia" kwenye mfuko. Vaeni glavu, vaeni miwani, na kaseini ya boraksi msiichanganye karibu na wajawazito wala watoto.

Kaseini ina udhaifu mwingine. Ni protini, nayo protini ni chakula, na kuvu hula. Katika chumba cha kuoga kisicho na hewa, au ukuta wa kaskazini au kusini usiopata jua mwaka mzima, siiweki kamwe. Hapo ndipo ninapoigeukia praima ya silikati.

Silikati ya potasiamu ni glasi iliyoyeyushwa katika maji. Matumizi yake katika rangi yalikomazwa na Adolf Wilhelm Keim, Mjerumani wa Bavaria, aliyepata hataza mwaka 1878, na kuta zilizopakwa kwa njia yake karne moja na zaidi iliyopita zipo hadi leo. Haikai juu ya ukuta kama utando. Huingia ndani, ikakutana na mchanga, chokaa na saruji, ikashikamana nayo ikawa jiwe. Mvuke hupita, na kwa kuwa ina ukali wa alikali, kuvu hawaipendi. Lakini ina ubaguzi: hushika madini tu. Karatasi ya bodi ya jasi, mbao, na rangi ya plastiki ya zamani haivijali, na juu ya jasi tupu inaweza kuzaa chumvi nyeupe. Tena hukwaruza vioo kwa namna isiyosafishika. Fundi mmoja tuliyefanya naye kazi alisahau kufunika dirisha, akaona matone, akasema atayafuta jioni. Jioni hayakufutika. Hayakufutika kwa maji, hayakufutika kwa siki, hayakufutika kwa wembe. Kioo kilibadilishwa.

Na jina "silikati" peke yake lisiwatoshe. Nyingi zinazouzwa zimechanganywa na plastiki ili zidumu kwenye ndoo. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 18363 kinaruhusu mchanganyiko wa namna hiyo kuitwa rangi ya silikati iwapo sehemu yake ya kikaboni haizidi asilimia 5. Hilo mimi naliona ni la kukubalika. Kinachozidi hapo ni praima ya plastiki iliyovaa kanzu ya silikati.

Bodi za jasi ndizo zinazowasumbua wengi wenu, kwa kuwa zimekuwa nyingi. Uso wa bodi ni karatasi laini, na maungio yake yamejazwa jasi. Karatasi hunywa kwa namna yake na jasi kwa namna yake, na karatasi iliyozeeka hutoa umanjano unaopanda juu na maji ya rangi. Zaidi ya hayo, udongo hauna pa kukwama. Praima ya hapa iwe na gundi ya kaseini au ya mimea, na ndani yake kuwe na chembe za marumaru au mchanga laini, ili ukuta uwe na mparuzo kama ulimi wa paka. Mkiweza kuchagua, chagueni marumaru. Vumbi la mchanga wa kwatzi lina silika ya fuwele, ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na siku ukuta huo utakapopigwa msasa ili upakwe upya, vumbi hilo litaingia kwenye kifua cha mtu. Praima tunayopiga leo kuna fundi mwenzetu atakayeikwangua kesho.

Gundi ya selulosi na uji wa wanga nitazitaja kwa kifupi. Ni rahisi, ni safi, zinafaa kutuliza kiu ya ukuta mkavu ulio imara. Hazifungi vumbi jingi, wala hazistahimili maji.

Sasa tusome ndoo. Nawauliza: harufu isipokuwepo, je, hatari nayo haipo? Sivyo. Kuna mambo mawili ya kutafuta. La kwanza ni kemikali za kikaboni zinazoruka hewani, ambazo huandikwa VOC na kupimwa kwa gramu kwa lita. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004/42 inaruhusu, tangu 2010, praima za kufunga ukuta zinazoyeyushwa kwa maji ziwe na gramu 30 kwa lita kwa juu kabisa, na zile zinazoyeyushwa kwa vimumunyisho, yaani vimiminika vya kemikali badala ya maji, zifike gramu 750. Tazameni tofauti hiyo: lita moja ambayo robo tatu ya kilo yake inatoka ukutani na kuingia kwenye hewa mnayoivuta! Na zote mbili zinauzwa kwa jina lile lile la praima.

La pili ni dawa za kuzuia kuoza. Karibu kila praima yenye maji iliyokaa ndani ya ndoo kwa miezi lazima ilindwe dhidi ya bakteria, na nyingi hulindwa kwa dawa za jamii ya isothiazolinoni. Kiasi chake ni kidogo, lakini kwa mtu mwenye mzio kidogo hicho kinatosha, kwani dawa hizo huendelea kutoka ukutani kwa wiki kadhaa baada ya kupaka. Mojawapo, methilisothiazolinoni, ilipigwa marufuku Ulaya mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Kama haifai kwenye losheni ya mkononi, kwa nini tuipake kwenye kuta nne za chumba anacholala mtu mwenye mzio? Njia ya kuiepuka ni nyepesi: nunueni praima ya unga. Unga mkavu hauozi, hivyo hauhitaji dawa. Tena hambebeshi gari maji ambayo bomba lenu linayo, na mfuko wake ni karatasi. Mnachanganya kinachotosha siku moja. Naam, ni kazi ya ziada ya nusu saa, na mimi naiona ni nusu saa iliyotumika vizuri kuliko zote katika kazi yangu.

Nije kwenye kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko kununua praima mbaya, nalo ni kupiga praima nzuri kupita kiasi.

Kijana mmoja niliyemwachia chumba alikuwa na moyo wa kazi. Maelekezo yalisema kaseini ipunguzwe kwa maji, ipigwe mkono mmoja. Yeye alifikiri kwamba kama mkono mmoja unashika, miwili itashika zaidi, akapunguza maji, akapiga mara mbili. Nilipoingia asubuhi na jua likiwa chini, niliona ukuta unang'aa kama umepakwa ute wa yai. Nilijua mara moja. Tulipopiga udongo juu yake, brashi iliteleza. Siku ya tatu rangi ilijikunja kwenye pembe, na ilipojikunja iliondoka na ngozi ya juu ya plasta. Gundi inapokauka hujivuta, na gundi yenye nguvu kuliko ukuta huuvuta ukuta uambuke. Kila tabaka la juu linapaswa kuwa dhaifu kidogo kuliko lililo chini yake. Rangi ya udongo ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaoifanya isiambue kitu. Praima nayo iwe ya kiasi. Ikikauka na kung'aa, imezidi. Iparuzwe kwa msasa laini au ioshwe kwa maji ya moto kabla haijakomaa, na kazi irudiwe.

Namna ya kupiga ni kusugua. Brashi iiingize praima ndani ya ukuta kwa mizunguko, na matone yanayoteremka yafutwe papo hapo. Kisha ukuta uachwe ukauke sawasawa, kwa kawaida usiku mzima, na katika hewa ya unyevu zaidi ya hapo. Plasta mpya ya saruji ipewe wiki nne kwanza.

Mtaniuliza kuhusu madoa. Ukuta uliofukizwa na moshi wa jiko au sigara, doa la maji yaliyovuja, fundo la mbao: haya hupanda juu pamoja na maji ya rangi ya udongo, tena hupanda kwa urahisi kwa kuwa udongo ni kama utambi. Mwanamke mmoja alikuwa amepaka mkono wa tano juu ya doa la moshi ukubwa wa sahani, na bado doa lilikuwa linamchungulia. Hapo nakubali kuziba. Natumia shelaki, utomvu wa mdudu wa laki ulioyeyushwa katika alkoholi, na naipaka juu ya doa tu, kuvuka ukingo wake kwa upana wa vidole viwili, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali kwa kuwa alkoholi huwaka. Ikikauka, praima ya chembe hupita juu yake ili udongo upate kushika. Sehemu iliyozibwa ikiwa ukubwa wa sahani, ukuta uliobaki bado unapumua. Kuziba ukuta mzima kwa ajili ya sahani moja ni kuutia ukuta gunia.

Lakini unyevu unaopanda kutoka msingini, au unaotoka kwenye bomba lililopasuka, hauna praima. Hauna kabisa. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na anayempaka mgonjwa huyo praima ya kuzuia maji anauhamisha ugonjwa tu, kwa kuwa maji yatapanda zaidi na kutokea juu ya koti. Tafuteni maji yanakotoka, myazuie, ukuta ukauke, hata kama ni miezi. Nawaambia wenye nyumba mliomo humu: fundi akiwaambia msubiri, msimwone mvivu.

Pale kwenye meza iliyo karibu na mlango nimeleta vipande vitatu vya bodi ya jasi. Vyote vimepakwa rangi moja ya udongo, kutoka ndoo moja, siku moja. Cha kwanza hakina praima. Cha pili kina kaseini nyepesi yenye chembe za marumaru, mkono mmoja. Cha tatu kina kaseini hiyo hiyo, mikono mitatu mizito. Kwa macho hamtavitofautisha. Vikwaruzeni kwa kucha, mvidondoshee maji, mvivute kwa utepe. Sponji na bakuli viko pembeni, na nitakuwa pale mpaka mlango utakapofungwa. Asanteni sana.